Almasi inayowaka bluu: usiikimbie, ila usilipe bei nzima

Sisi wa Mwanza kwa vile mgodi wa almasi wa Mwadui uko hapo jirani Shinyanga basi kila mtu mtaalamu wa almasi, eti jiwe likiwaka bluu kwenye tochi ya kukagulia noti ndo orijino. Acheni hizo. Almasi nyingi haziwaki kabisa, na kuwaka peke yake hakuthibitishi kitu. Hiyo ndo floresensi, jiwe linapigwa na miale ya UV linatoa mwanga, mara nyingi bluu.

Ukienda kununua, kwanza omba cheti. GIA, maabara ya Marekani inayopima almasi, wanaandika floresensi kama haipo, hafifu, wastani, kali au kali sana. Hafifu wala isikutie wasiwasi.

Kasheshe iko kwenye kali na kali sana, hapo angalia na rangi. Jiwe jeupe, yaani D mpaka H kwenye herufi za rangi za cheti, likiwa na bluu kali huwa linauzwa chini ya lile lisilowaka, kwa hiyo muuzaji akikutajia bei sawa wewe bana hapo hapo. Ila jiwe lenye umanjano kidogo, I mpaka M, bluu inaweza kulifanya lionekane jeupe zaidi, na mimi hapo ndo naonaga dili.

Taa za dukani usiziamini, kila kitu kinang'aa pale. Toka nalo nje, jua la ziwani saa sita lina UV ya kutosha, likigeuka kama maji ya maziwa au lina ukungu rudisha, japo ya hivyo ni machache. Halafu liangalie na kivulini.