Kumsaidia mtoto na Kiebrania cha shuleni wakati wewe mwenyewe hukijui

Jioni ya kwanza binti yangu aliporudi na kitabu cha Kiebrania, nilikifungua kwa nyuma. Alikitoa mikononi mwangu, akakigeuza, akasema kwa upole, "Mama, kinaanzia huku." Alikuwa na miaka sita. Baba yake ni Myahudi, lakini utotoni alikaririshwa sala bila kufundishwa lugha, kwa hiyo kazi za nyumbani zilitukuta sote wawili mikono mitupu. Sasa yuko darasa la sita na mdogo wake wa kiume yuko la pili, kwenye shule ileile ya kutwa ya Kiyahudi: sehemu ya siku ni Kiingereza, hesabu na sayansi, sehemu nyingine ni Kiebrania, Torati na sala. Namwandikia mzazi mwenye Kiswahili ambaye ndiyo kwanza anaanza safari hii, kwa sababu Kiswahili chako kitakusaidia kuliko unavyodhani.

Anza na irabu. Kiebrania kina herufi 22, zote konsonanti, na tano kati yake hubadilika umbo zikikaa mwisho wa neno. Irabu huonyeshwa kwa alama ndogo zinazoitwa nikud. Kiebrania kinachosemwa leo kina irabu tano: a, e, i, o, u, zinazotamkwa karibu sawa na zetu. Mtoto aliyezoea Kiingereza, ambamo "a" moja ina sauti nyingi, huhitaji muda kuamini kwamba alama haimgeuki. Wewe unaamini tangu zamani. Kistari kilicholala chini ya herufi bet ni ba. Nukta mbili zilizokaa sambamba ni be. Nukta moja ni bi. Keti na mtoto msome ba, be, bi, bo, bu, kama ulivyofundishwa wewe darasa la kwanza. Dakika kumi kila siku zinatosha, na ni bora kuliko saa nzima ya Jumapili. Sauti ya het nayo isikutishe: ni ile kh ya Khamisi, kama watu wa pwani wanavyoitamka.

Kuna herufi zinazofanana sana: bet na kaf, dalet na resh, he na het, samekh na mem ya mwisho. Tulizichora jozi jozi tukazibandika mlangoni mwa jokofu, na mtoto ndiye aliyetueleza tofauti. Dalet ina kona kali, resh imepinda. Mwachie yeye kazi hiyo ya kukufundisha, kwa maana akikueleza atakumbuka.

Kosa nililolifanya kwa binti yangu, usilirudie. Nilikuwa naandika matamshi kwa herufi za Kilatini juu ya kila neno ili nami nimfuatilie. Macho yake yakawa yanapanda juu, hayatui kwenye Kiebrania. Mwalimu wake, ambaye wote humwita Mora, yaani mwalimu wa kike, aliligundua baada ya miezi mitatu, na kuliondoa zoea hilo kulitugharimu muda mrefu zaidi ya huo. Kama ni lazima uandike, andika kwenye karatasi yako.

Kisha nenda kwenye namba. Siku binti yangu alipokuja na namba za makumi nilimwomba asome polepole: esrim, shloshim, arbaim, hamishim, shishim, shivim, shmonim, tishim. Nami nikamjibu: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini. Alinitazama kama aliyegundua kwamba nilikuwa nikimficha kitu. Mia ni mea, elfu ni elef. Kiswahili kilizipata namba hizi kutoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kisemiti. Undugu huohuo uko kwenye mizizi. Maneno mengi ya Kiebrania hujengwa juu ya konsonanti tatu, na mzizi wa kuandika ni kaf, tav, bet, ambapo bet husomeka b au v. Ndiyo maana kotev ni anayeandika, mikhtav ni barua, ktovet ni anwani. Weka kando yake kitabu, katibu, maktaba, katiba. Tuna daftari la mizizi tunaloliongeza kila wiki, na ndilo daftari linalopendwa kuliko yote nyumbani.

Mtoto wa kiume msikilize kwa makini. Wangu alikuwa akisema "ani rotza", nataka, kama Mora wake. Lakini rotza ni umbo la kike. Mvulana husema rotze. Alikuwa anamwiga mwalimu anayempenda. Usimkemee, rudia tu kwa umbo sahihi, "ata rotze mayim?", yaani unataka maji? Akichanganya lugha mbili au tatu kwenye sentensi moja, mwache pia. Ni kawaida, na hupungua maneno yanapoongezeka.

Lugha inataka mahali pa kukaa. Eliezer Ben-Yehuda, aliyepigania Kiebrania kirudi kuwa lugha ya kuzungumzwa kila siku, alifika Yerusalemu mwaka 1881, na mwanawe aliyezaliwa 1882 alimlea kwa Kiebrania peke yake, wakati ambapo hapakuwa na mtoto mwingine wa kuzungumza naye. Sisi hatuwezi hayo. Tulichagua meza ya chakula tu: bevakasha kwa tafadhali, toda kwa asante, od kwa kuongezewa, maspik kwa kutosheka. Miaka mitano sasa, na hatujaiacha.

Kuanzia darasa la tatu au la nne, muulize mwalimu swali moja: mtoto anaelewa, au anasoma tu? Watoto wengi husoma ukurasa mzima wa sala bila kujikwaa na bila kujua maana. Kiebrania cha Torati kina sarufi ambayo haisikiki uwanjani wakati wa mapumziko. Uwanjani, alisema ni amar. Kwenye Torati utakuta vayomer, na vitenzi vya namna hiyo hufuatana mmoja baada ya mwingine. Nilimweleza binti yangu kwamba hiyo ni "-ka-" yetu: akasema, akaenda, akaona. Vayehi or, ikawa nuru. Hajawahi kuuliza tena.

Mwaka huu anafikisha miaka 12, na katika sinagogi yetu wasichana pia husoma Torati siku ya bat mitzva, sherehe ya msichana kufikia umri wa kushika amri za dini. Hati-kunjo ya Torati haina nikud hata moja, kwa hiyo anajifunza kwa kitabu kiitwacho tikun, chenye safu mbili: moja ina alama, nyingine haina. Anaufunika upande wenye alama kwa karatasi asiuone, mimi nauchungulia na kuufuata kwa kidole. Akikosea irabu nagonga meza mara moja, simtajii jibu. Jana niligonga mara mbili katika aya saba. Mara ya pili alirudi nyuma, akalisoma neno sawasawa, akaendelea bila kuninyanyulia macho.