Somo: Kukipa kikaragosi uhai kwa njia ya Ray Harryhausen

Ray Harryhausen, bingwa wa kuhuisha vikaragosi kwenye filamu kwa kuvisogeza kidogo na kuvipiga picha moja moja, alizaliwa Los Angeles mwaka 1920, akafariki London Mei 2013. Akiwa na miaka 13 aliitazama filamu ya King Kong, ambayo sokwe wake alihuishwa na Willis O'Brien, ikamteka moja kwa moja. Baadaye akawa msaidizi wa O'Brien huyo huyo, kisha akahuisha filamu zake nyingi peke yake. Mtu kama huyu tumkumbuke kwa kushika kikaragosi.

Hatua ya 1: Mifupa
Vikaragosi vyake vilikuwa na mifupa ya chuma, na mingi alichongewa na baba yake, Fred, aliyekuwa fundi wa mashine. Wewe tumia waya wa alumini uliosokotwa mara mbili, maana waya mmoja hukatika gotini upesi. Zungushia sponji, kisha plastisini. Nyayoni tia nati ili ukaze kikaragosi kwa skrubu kutoka chini ya ubao.

Hatua ya 2: Kamera
Kaza simu kwenye stendi, funga fokasi na mwanga. Ziba madirisha, utumie taa tu.

Hatua ya 3: Mwendo
Hapa ndipo penye kazi. Sinema hupita fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde. Anayeanza apige picha 12, kila moja ikae fremu mbili. Kitu kizito hakianzi kwa kasi: sogeza milimita moja, mbili, nne, kisha punguza tena. Kabla upanga haujaenda mbele, mkono urudi nyuma kidogo. Tazama wapiganaji saba wa mifupa mitupu katika filamu yake Jason and the Argonauts (1963): wananyatia kwanza, ndipo wanavamia. Pambano hilo la dakika chache lilimla zaidi ya miezi minne, kwa sababu kila pigo lilipaswa kukutana na upanga wa mwigizaji aliyekwisha kupigwa picha.

Na usikiache kikaragosi kikaganda. Kikisubiri, mkia utikisike, kifua kipumue.

Hatua ya 4: Kukiweka kati ya watu
Harryhausen alirusha picha za waigizaji, fremu moja moja, kwenye skrini iliyo nyuma ya kikaragosi. Sehemu ya chini, ya mbele, aliiziba kwa rangi nyeusi juu ya kioo. Kisha alirudisha filamu mwanzo, akaziba ya juu na kupiga ile ya chini. Nyumbani, skrini ya kompyuta nyuma ya kikaragosi inatosha kwa kuanzia.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Kila nikibonyeza, simu inatikisika.
Marahaba. Chomeka spika za masikioni za waya. Kwenye simu nyingi kitufe chake cha sauti hupiga picha.

Mbona pweza wa Harryhausen katika filamu ya It Came from Beneath the Sea (1955) ana mikono sita?
Fedha zilikuwa chache, na kila mkono ulihitaji mifupa yake na kusogezwa kila fremu. Mingine ikadhaniwa iko majini.

Kompyuta ipo, nijisumbue ya nini?
Kwa sababu mkono wako utajua ngumi inahitaji fremu ngapi. Ujuzi huo utauhamishia kwenye programu yoyote.

Nianze kutazama ipi?
Medusa, jini mwenye nywele za nyoka, wa Clash of the Titans (1981), filamu yake ndefu ya mwisho. Zima sauti, sogeza fremu kwa fremu, uhesabu anazotumia kuvuta upinde.