Somo: Ukirudisha bidhaa dukani, usiiache risiti yako kaunta

Habari za kazi, ndugu zangu. Leo tushughulike na jambo dogo linaloumiza wengi. Umerudisha kitu dukani, keshia kakipokea pamoja na risiti, kaibana risiti kwa stepla kwenye karatasi zake na kuitia kwenye droo. Wewe unaondoka na kitu kipya, au na ahadi ya kurudishiwa hela, na mkononi huna karatasi hata moja. Kile kipya kikileta shida unarudi palepale, na swali la kwanza unaloulizwa ni: "Risiti iko wapi?"

Ninachotaka mshike ni hiki: usitoke kaunta mikono mitupu. Ama utoke na risiti uliyoingia nayo, ama na karatasi nyingine ya duka yenye uzito uleule.

Hatua ya 1: Piga picha kabla hujatoka nyumbani

Risiti nyingi hazichapishwi kwa wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine inaandika kwa kuichoma kidogo kidogo. Ndiyo maana maandishi yanafifia ukiiacha juani, ukiishika na mikono yenye mafuta au sanitaiza, au ukiihifadhi kwenye mfuko wa plastiki laini kwa muda mrefu. Na tafadhali, msipeleke risiti kufanyiwa lamination. Watu wanadhani wanaihifadhi, kumbe ile mashine ina joto, karatasi inatoka nyeusi tii.

Piga picha risiti nzima, kuanzia jina la duka hadi mstari wa mwisho. Namba ya muamala mara nyingi iko huko chini kabisa, na ndiyo hiyo keshia anayohitaji ili kuyatafuta manunuzi yako kwenye mfumo.

Hatua ya 2: Jua unarudisha kwa sababu gani

Hapa ndipo maduka mengi yanapochanganya wateja, mara nyingine kwa makusudi. Kurudisha kitu kibovu si sawa na kurudisha kitu kizima ulichobadili mawazo juu yake.

Kitu kikiwa kibovu, au si kile ulichoambiwa, nchi nyingi zina sheria inayokulinda. Uingereza, kwa mfano, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukataa kitu chenye hitilafu na kurudishiwa hela yake yote. Huko duka haliwezi kukugomea eti kwa sababu tu huna risiti. Linaweza kudai uthibitisho wa manunuzi, na taarifa ya benki ni uthibitisho. Australia nako taarifa ya benki inakubalika kama uthibitisho.

Ukirudisha kwa sababu rangi haikukupendeza, hiyo kwa kawaida ni hisani ya duka, na mwenye hisani hupanga masharti: siku kadhaa, lebo isiwe imekatwa, risiti halisi iwepo. Usiende kugombana kwa jambo la hisani.

Basi ukifika kaunta, sema mapema: "Kitu hiki ni kibovu, hitilafu yake ni hii." Usianze na "naomba kubadilisha," maana utapelekwa moja kwa moja kwenye yale masharti.

Hatua ya 3: Mwonyeshe, usimkabidhi

Iweke risiti kaunta ikiwa mbele yako, mwache asome namba. Akisema lazima abaki nayo, usipaze sauti. Ana sababu, na mara nyingine ni ya haki: duka linaogopa mtu atumie risiti moja kurudisha kitu mara mbili, na mhasibu anataka kiambatisho cha hela iliyotoka. Lakini hofu zote mbili zina dawa isiyokunyang'anya ushahidi wako:

"Dada, naomba ugonge muhuri wa 'imerudishwa' kwenye mstari wa bidhaa hii, uweke tarehe na sahihi, kisha utoe kivuli kibaki kwako. Risiti yangu ina vitu vingine."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo nzito. Risiti yenye vitu vitano, ukirudisha kimoja, bado ni ushahidi wa vile vinne, pamoja na waranti zake. Keshia akikataa, mwite meneja. Meneja naye akikataa, geuza ombi: wao wabaki na risiti halisi, wewe uchukue kivuli chenye muhuri wa duka na sahihi ya aliyeipokea. Kivuli bila muhuri hakina nguvu kuliko picha iliyoko kwenye simu yako.

Hatua ya 4: Soma karatasi mpya ukiwa bado kaunta

Ukibadilishiwa kitu au kurudishiwa hela, mashine hutoa karatasi nyingine. Hakikisha ina tarehe, bidhaa iliyorudishwa, kiasi, njia ya malipo na namba ya risiti ya awali. Kama namba hiyo haimo, mwombe keshia aiandike kwa kalamu na kusaini pembeni.

Kwa simu na vifaa vya umeme, angalia zaidi. Simu mpya uliyopewa ina IMEI nyingine, yaani ile namba ya utambulisho ya kila simu. Kama karatasi ya waranti bado ina IMEI ya ile mbovu, siku ukirudi fundi atalinganisha tarakimu, ataona hazifanani, na utaambiwa simu hii haikutoka kwao. Bonyeza *#06# palepale uione IMEI ya simu, linganisha, wasahihishe.

Hatua ya 5: Tunza hadi hela iingie

Hela ya kadi hairudi siku ileile, inaweza kuchukua siku kadhaa. Usitupe chochote kabla hujaiona kwenye akaunti.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Duka limebandika tangazo "Mali ikishauzwa hairudishwi." Si ndiyo basi tena?

Jibu: Marahaba mwanangu. Tangazo hilo linaweza kukuzuia kurudisha kitu kizima. Kwa kitu kibovu, katika nchi nyingi karatasi ya ukutani haifuti sheria. Australia kubandika tangazo la namna hiyo ni kosa lenyewe. Angalia sheria ya kumlinda mlaji ya nchi yako kabla hujakata tamaa.

Swali: Kaka, mimi wameshaichukua. Nilirudisha pasi, na risiti ilikuwa na blenda yenye waranti ya mwaka. Nifanyeje?

Jibu: Nenda mapema, kabla kumbukumbu hazijapoa. Waambie tarehe, saa ya kukadiria, na njia uliyolipia, kisha uombe wachapishe upya. Mifumo mingi inaweza kufanya hivyo na huandika "nakala." Wakikataa, waandikie barua pepe au ujumbe, ueleze risiti ilichukuliwa lini na nani kwenye kaunta ipi. Hata wasipojibu, maandishi hayo yatakusaidia ukipeleka malalamiko mbele. Pamoja nayo weka ujumbe wa malipo wa kwenye simu au taarifa ya benki.

Swali: Nimepewa zawadi, na ni mbovu. Naona aibu kumwomba risiti aliyenipa.

Jibu: Omba picha tu, aifunike bei kwa kidole. Maduka mengine hutoa risiti ya zawadi isiyo na bei, hivyo wanunuzi wa zawadi muwe mnaiomba siku ya kununua. Ila mjue kwamba hela kwa kawaida hurudi kwa aliyelipa. Wewe uliyepewa una nafasi nzuri zaidi ya kubadilishiwa.

Swali: Wamenipa vocha ya dukani badala ya hela. Nilikuwa na haki ya kukataa?

Jibu: Kama ulibadili mawazo, pokea ushukuru. Kama kitu ni kibovu na sheria yako inakupa hela, vocha ni hiari yako, si yao. Ukiipokea, soma tarehe ya mwisho na uulize kama inafaa katika matawi yote. Vocha nayo ipige picha, nyingi ni karatasi ileile inayofifia.

Swali: Nilinunua mtandaoni, risiti ipo kwenye barua pepe. Haya yananihusu?

Jibu: Una nafuu, hakuna wa kuibana kwa stepla. Nchi za Umoja wa Ulaya humpa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu, japo kuna bidhaa zisizohusika, kama zilizotengenezwa kwa vipimo vyako. Hatari yako iko kwa msafirishaji: ukimkabidhi mzigo bila kupewa hati ya kupokea, muuzaji anaweza kusema haukufika. Piga picha mzigo ukiwa umefungwa, lebo ionekane, na hati hiyo uitunze pamoja na ile barua pepe.

Swali: Na nikikuta maandishi yameshafutika?

Jibu: Usiipashe joto wala kuisugua. Ipige picha kwenye mwanga wa pembeni, kisha uongeze ukolezi (contrast) wa picha kwenye simu. Mara nyingi namba ya muamala husomeka, na hiyo inamtosha keshia.