Somo: Kufuta VLAN kwenye swichi ya Cisco bila kuwakatia watu mtandao

Habari wadau. Swali hili nimeulizwa tena na tena, na karibu kila mara muulizaji alikuwa ameshafuta, mtandao umeshalala, ndipo anapiga simu. Leo tulimalize. Nitatumia Cisco Catalyst 2960 kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo sana, hasa zile za mtumba, ambazo ukiziwasha unakuta VLAN (mitandao midogo inayotengwa ndani ya swichi) za mwenye mali wa zamani bado zimejaa ndani.

Mfano wetu: tunafuta VLAN 20, na kompyuta zilizokuwamo zinahamia VLAN 30.

Hatua ya 1: Tazama kwanza, mikono mfukoni

show vlan brief
show interfaces trunk
show vtp status

Amri ya kwanza inawadanganya wengi. Porti za trunki (zile zinazounganisha swichi na swichi na kubeba VLAN nyingi) hazionekani humo, kwa hiyo VLAN inayoonekana haina porti hata moja inaweza kuwa inapitisha kazi ya watu kutoka swichi ya jirani kwenda nyingine. Ndiyo maana amri ya pili ipo.

Ya tatu ndiyo iliyonifunza adabu. Niliwahi kufuta VLAN "isiyotumika" kwenye swichi ya ghorofa ya chini ya ofisi moja. Chini kweli haikutumika. Ghorofa ya tatu ilitumika, na kabla sijafunga laptopu simu zikaanza kuita. Swichi ile ilikuwa katika hali ya VTP server (VTP ni utaratibu wa Cisco wa swichi kupashana orodha ya VLAN), nayo ikishafutiwa VLAN huzitangazia swichi zote za domeini yake nazo zifute. Na 2960 ikitoka kiwandani iko server, usidhani kuna mtu aliiweka. Kama unataka ufutaji ubaki kwenye swichi moja tu, anza na:

configure terminal
vtp mode transparent
end

Halafu chukua nakala, uzitume kwenye seva ya TFTP (kompyuta inayopokea mafaili kupitia mtandao). Mipangilio ya kawaida na VLAN hukaa mafaili mawili tofauti, kwa hiyo nakala nazo ni mbili:

copy running-config tftp:
copy flash:vlan.dat tftp:

Hatua ya 2: Hamisha porti

configure terminal
interface range fastEthernet 0/5 - 12
switchport access vlan 30

Andika namba kwa utulivu. Kidole kikiteleza ukaandika 300, swichi haitakugombeza. Itakujulisha tu kwamba VLAN hiyo haipo na inaiunda. Umekuja kufuta moja, umeongeza nyingine.

Hatua ya 3: Ondoa anwani ya IP ya VLAN hiyo, kama ipo

no interface vlan 20

Kama umeingia kwenye swichi kupitia anwani hiyo hiyo, unakata tawi ulilolikalia. Weka anwani ya usimamizi kwenye VLAN nyingine kwanza, ingia upya kupitia hiyo, au kaa na kebo ya konsoli.

Hatua ya 4: Itoe kwenye trunki

interface gigabitEthernet 0/1
switchport trunk allowed vlan remove 20

Hapa neno *remove* ndilo roho ya amri. Ukiliruka ukaandika "switchport trunk allowed vlan 20", umeiambia trunki ipitishe VLAN 20 peke yake na kuzifungia nyingine zote. Kosa hilo hilo lipo kwenye kuongeza: bila *add*, orodha ya zamani inafutika yote. Naona mafundi wa miaka mingi wakiteleza hapa, nami nimo.

Hatua ya 5: Sasa futa

no vlan 20
end
show vlan brief
copy running-config startup-config

Usiiache amri ya mwisho. Bila hiyo, umeme ukikatika porti zako zitaamka zikiwa bado zinaelekezwa VLAN 20, wakati yenyewe inaweza kuwa haipo tena.

Kufuta zote kwa mpigo (swichi ya mtumba)

Chomoa kwanza kebo zote zinazoiunganisha na swichi nyingine. Kisha:

delete flash:vlan.dat
erase startup-config
reload

Watu wengi hupiga "erase startup-config" pekee, wakiwasha wanakuta VLAN zile zile zinawachekea. Kama nilivyosema, ni mafaili mawili. Kwenye kufuta vlan.dat, swichi itakuuliza jina la faili. Bonyeza Enter tu. Ukiandika "y" itadhani hilo ndilo jina la faili. Uwe makini kweli, maana flashi hiyo hiyo ndiyo inayobeba mfumo wa IOS. Kwenye reload ikikuuliza kama uhifadhi mabadiliko, jibu *no*, vinginevyo unarudisha ulichotoka kukifuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi nimeshafuta VLAN bila kuhamisha porti. Zimepotea kwenye show vlan brief na taa zake zimegeuka rangi ya chungwa. Zimeungua?

Jibu: Hazijaungua, ndugu yangu. Bado zinaelekezwa kwenye VLAN uliyoiua, kwa hiyo zimelala. Piga "show interfaces status" utaona zimeandikwa inactive. Iunde tena VLAN hiyo zitaamka zenyewe, au zihamishe kama hatua ya 2.

Swali: VLAN 1002 mpaka 1005 zinakataa kufutika. Kuna mtu amezifunga?

Jibu: Ndivyo zilivyotoka kiwandani. Zimetengwa kwa ajili ya FDDI na Token Ring, teknolojia ambazo huenda hujawahi kuziona kwa macho. Hazili chochote, ziache. VLAN 1 nayo haifutiki. Hamisha watu wako watoke humo tu.

Swali: Mwalimu, naambiwa "VTP VLAN configuration not allowed when device is in CLIENT mode". Nikiigeuza transparent, nikafuta, kisha nikairudisha client, itakuwa sawa?

Jibu: Utafuta, lakini ukishairudisha client itazisoma upya kutoka kwa server na VLAN yako itafufuka. Nenda ukafute kwenye server, ukijua inafutika kwa wote. Au iache transparent moja kwa moja.

Swali: Kaka, nimefuta vlan.dat, nikiangalia flashi haimo, lakini show vlan brief bado inaonyesha VLAN zote!

Jibu: Faili limeondoka, ila swichi inaendelea kutumia kilichomo kwenye kumbukumbu yake. Piga reload. Kabla ya hapo usiguse VLAN yoyote, maana italiandika faili upya. Na kama ilikuwa transparent, VLAN zimeandikwa pia kwenye startup-config, kwa hiyo futa vyote viwili.

Swali: Nimenunua ya mtumba, nitaiweka iwe client halafu niichomeke kazini. Client si haina madhara?

Jibu: Ngoja kwanza! VTP haiangalii nani mkubwa, inaangalia namba ya marekebisho, ile "Configuration Revision" kwenye show vtp status. Ikiwa jina la domeini na nenosiri vinalingana na vya kazini, na namba ya hiyo ya mtumba ni kubwa zaidi, VLAN zake zitafuta za ofisi nzima, hata kama ni client. Igeuze transparent kisha irudishe. Namba itaanza 0. Hakikisha kwa macho yako ni 0, ndipo uchomeke kebo.