Kula kwa wenyeji na kunyoosha miguu ukiwa kwenye safari ya kikazi: hatua kwa hatua

Safari ya kikazi ni ratiba ya mtu mwingine. Wewe unabaki na vipande tu: saa moja na ushee kabla ya kikao cha asubuhi, mapumziko ya mchana, na jioni ambayo mara nyingi inaishia kwenye chakula cha hoteli kwa sababu umechoka kufikiri. Kazi yangu ni kufunga na kukagua mitambo, kwa hiyo hulala popote mteja alipochagua, na huwa sina gari. Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo: mji mgeni, usiku mbili tatu, miguu yako na simu.

Jambo moja la kushika kabla hatujaanza: usitafute chakula na matembezi kila kimoja kivyake. Hutapata muda wa vyote viwili. Tafuta njia nzuri ya kutembea ambayo ina mahali pa kula katikati, basi.

Hatua ya 1: Pima nafasi yako kabla ya kufungua ramani

Chukua ratiba ya kikazi, utoe vikao, usafiri na muda wa kuoga. Kinachobaki ndicho mali yako. Kisha angalia jua linachomoza na kuzama saa ngapi huko uendako; programu ya hali ya hewa kwenye simu inaonyesha. Maeneo ya karibu na ikweta giza huingia haraka, jua likishazama una takriban nusu saa tu. Kaskazini au kusini ya mbali, wakati wa kiangazi unaweza kutoka kazini ukakuta bado kweupe kwa saa kadhaa, na wakati wa baridi ukakuta giza limekutangulia mlangoni. Nikiwa na shaka huchagua asubuhi. Vikao huwa vinachelewa kuisha. Ni nadra kikao kianze kabla ya muda wake.

Hatua ya 2: Pakua ramani mbili, si moja

Ramani ya Google inajua migahawa, saa za kufungua na maoni ya wateja. Kwa vijia vya miguu, mimi huamini zaidi OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambao ramani yake huchorwa na watu wa kujitolea. Unaipata kupitia programu kama Organic Maps au OsmAnd, na unaweza kuipakua ukiwa nyumbani, ikafanya kazi bila intaneti.

Fungua ramani hiyo uvute karibu na hoteli. Tafuta vistari vilivyokatikakatika: hivyo ndivyo vijia. Fuata maji kwanza, yaani mto, mfereji, ufukwe au ziwa, kwa sababu kando ya maji mara nyingi pana njia, na si rahisi kupotea ukiwa na maji upande mmoja. Baada ya hapo angalia bustani za mimea, viwanja vya chuo, na reli za zamani zilizogeuzwa njia za miguu. Washa mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Ikibanana, hapo ni mwinuko mkali, na shati la kikao halitalipenda. Mwisho rudi kwenye ramani ya Google uone picha ya satelaiti. Kijia kilichochorwa vizuri kwenye ramani kinaweza kuwa kimekatwa na ukuta wa kiwanda, na picha ya juu itakuonyesha.

Hatua ya 3: Tafuta walaji, mgahawa utajileta

Sasa kwenye njia uliyoipata, tafuta mahali penye watu wanaokula kwa hela yao wenyewe, wenye muda mfupi, na wanaorudi kesho: karibu na stendi, sokoni, nje ya hospitali kubwa, mahakama, chuo, karakana. Jiko linalolisha watu hao haliwezi kuwa baya kwa muda mrefu, litafunga.

Kwenye ramani ya Google, usiandike neno la Kiingereza. Tumia programu ya kutafsiri upate jinsi wenyeji wanavyoandika «chakula cha mchana» kwa lugha yao, na kwa herufi zao kama ni tofauti, kisha unakili neno hilo kwenye kisanduku cha kutafutia. Mara nyingi majina yatakayotokea si yale uliyoyaona mwanzo. Ukifungua mahali, panga maoni kuanzia mapya. Ruka ya nyota tano na ya nyota moja. Mwenye kutoa nyota tatu ndiye hueleza. Tazama picha walizopiga wateja, hasa ya menyu iliyobandikwa ukutani, uache zile za mwenye mgahawa. Saa za kufungua zithibitishe kwa maoni ya karibuni, kwani majiko mengi ya mchana humaliza chakula mapema.

Hatua ya 4: Uliza swali la jana

Ukiuliza mapokezi «wapi pazuri pa kula?», utapelekwa wanakopelekwa wageni. Hawakudanganyi, wanakuheshimu. Mfuate mlinzi, dereva au fundi wa zamu:

«Kaka, habari za kazi. Wewe jana mchana ulikula wapi?»

Swali hilo halina jibu la heshima, lina jibu la kweli tu. Atakuelekeza kwa ishara za mtaani: pita geti la bluu, usivuke barabara, waulize hapo. Watu wawili wasiojuana wakitaja sehemu moja, umemaliza kutafuta. Ukiwa hapo hapo, uliza na la pili: «Njia hii ya mtoni, ungemruhusu dada yako apite peke yake saa hizi?» Akisita kidogo tu, badilisha njia. Ramani haijui mambo hayo.

Hatua ya 5: Lisome jiko

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae kwenye joto zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi hadi kiliwe, na kisiachwe bila moto wala ubaridi kwa zaidi ya saa 2. Huna kipimajoto, una macho. Mvuke unatoka sufuria inapofunuliwa? Sahani zinaisha na sufuria mpya inaletwa? Anayepokea hela ndiye huyo huyo anayeshika chakula kwa mkono? Fika foleni inapoanza, si inapoisha. Pale maji ya bomba hayaaminiki, achana na barafu na mboga mbichi.

Kuhusu kujaribu vitu vigeni nina msimamo: fanya hivyo baada ya kikao kikuu, kamwe si usiku wa kuamkia kikao hicho. Na pakiti mbili za chumvi ya kuongeza maji mwilini ziwe kwenye begi.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya mzunguko

Mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: kwa vipimo vya leo, ni takriban saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua njia ya kilomita 6 yenye mita 150 za kupanda. Kilomita hizo ni dakika 72, mwinuko ni dakika 15, jumla 87. Hapo hujala. Ongeza nusu saa ya chakula na dakika kumi za taa za barabarani na kupiga picha, unafika saa mbili na dakika saba. Kama nafasi yako ni saa moja na nusu, punguza kilomita, usipunguze chakula.

Mimi hupanga sehemu ndefu iwe kabla ya kula, halafu narudi kwa barabara fupi au basi. Ukitembea na tumbo lililojaa kupanda mlima, kikao cha jioni utakisinzilia.

Hatua ya 7: Vya kubeba

Raba nyepesi, chaja ya mkononi, noti ndogo ndogo, na kadi ya hoteli yenye anwani kwa maandishi ya wenyeji. Mtumie mwenzako wa kazini mahali ulipo. Kama ofisi yako inadai risiti, omba hata ya kuandikwa kwa mkono kabla hujalipa. Baada ya kulipa, kitabu cha risiti huwa hakionekani.

Wenzako wakitaka kuungana nawe, wape saa ya kuondoka na mahali pa kukutana. Usianzishe mjadala wa mnataka kula nini kwenye kundi la ujumbe, utamalizika mkiwa mezani pale pale hotelini.