Mabega ya triko: yafunge na kuyaunga kwa sindano ya tatu

Wateja wangu wengi ni wazazi wa wanafunzi, na wanachotaka ni triko, yaani sweta ya kufuma kwa mkono, ya buluu itakayovumilia mvua za Bukavu na mtoto wa miaka saba. Zamani nilikuwa nafunga kila kipande peke yake, yaani namaliza vitanzi vya mwisho ili visifumuke, halafu nashona mabega kwa mkono. Siku moja mama mmoja wa Kadutu akanirudishia triko, bega la kushoto limeachia kutoka shingoni hadi kwenye mkono. Hakugomba. Alisema tu, "Mama, angalia mwenyewe." Uzi wa kushonea ulikuwa mzima, mimi ndiye niliyeshika kingo juu juu. Tangu hapo mabega siyashoni, nayafunga na kuyaunga kwa pamoja.

Ukifika begani, usifunge vitanzi bado. Viache hai, wazi kama vilivyo. Kwa uzi ninaotumia, vitanzi 20 vinanipa sentimita 10, kwa hiyo mgongo wa sentimita 36 una vitanzi 72: 22 vya bega, 28 vya shingo, 22 vya bega la pili. Kwapa sikati, triko ya mtoto haihitaji. Kipande cha mbele nacho, baada ya kupunguza shingo, kibaki na 22 kila upande. Hesabu mara mbili. Ukipata 21, tafuta kitanzi kilichoanguka ukipandishe kwa kroshe kabla ya kuendelea.

Vitanzi vinavyosubiri navipitishia uzi wa rangi nyingine, au njiti ya gurudumu la baiskeli. Njiti ni nyembamba, inapita vizuri, ila ncha yake yenye hesi hukamata uzi. Mimi naisugua kwenye saruji ya ngazi mpaka ilainike.

Sasa rudisha vitanzi 22 vya mbele kwenye sindano moja na 22 vya nyuma kwenye nyingine. Laza vipande uso kwa uso, upande mzuri umejificha ndani. Shika sindano zote mbili kwa mkono wa kushoto, zikiwa sambamba, ncha zote zikitazama kulia. Mabinti ninaowafundisha hukwama hapa: ncha moja inatazama kulia, nyingine kushoto. Usigeuze kipande. Hamisha vitanzi vya sindano iliyokosea kimoja kimoja kwenye sindano tupu, basi. Ndiyo sababu napenda vingoje kwenye uzi: unachomeka sindano kutoka upande unaoutaka.

Uzi wa kufanyia kazi uwe kulia, kwenye ncha. Kwa bega la sentimita 11 naacha kama sentimita 60. Ukiwa umebaki upande wa pili, unga uzi mpya, usiuburute.

Chukua sindano ya tatu. Iingize kwenye kitanzi cha kwanza cha mbele kama unavyofuma kawaida, isonge moja kwa moja hadi kwenye kitanzi cha kwanza cha nyuma, zungusha uzi, uvute upite kwenye vyote viwili, kisha viachie. Umepata kitanzi kimoja mkono wa kulia. Fanya hivyo tena, viwe viwili. Kwa ncha ya sindano ya kushoto nyanyua kile cha kwanza, kirushe juu ya cha pili, kianguke. Kimebaki kimoja. Fuma jozi inayofuata, rusha, fuma, rusha. Kwa vitanzi 22 utafuma mara 22 na kurusha mara 21. Kile cha mwisho kata uzi, upitishe ndani yake, vuta.

Mkono uwe mwepesi. Nawaambia mabinti: usivute kama unafunga gunia la makaa. Bega lililobanwa hukunjamana na halinyooki hata likifuliwa. Nikifuma kwa sindano namba 4, ya tatu nachukua 4.5 au 5.

Geuza triko. Nje utaona mstari ulionyooka; ndani kuna kimsuko kigumu, na hicho ndicho kinachobeba uzito wa mikono, hasa ikilowa. Ukilaza vipande mgongo kwa mgongo, kimsuko kinatokea nje. Kwenye nguo za watoto wachanga mimi hufanya hivyo makusudi, kwa uzi wa rangi tofauti, na wateja huulizia.

Kabla ya kuficha mikia ya uzi, kunja triko katikati, bega juu ya bega. Moja likizidi, fumua sasa hivi. Kisha pitisha kila mkia ndani ya kimsuko sentimita 5 kwenda, kidogo kurudi, kwa sindano butu.

Pasi ya makaa iweke mbali. Uzi wa akriliki ukichomwa hulala bapa, na haurudi tena. Nalowesha triko, naikamua ndani ya taulo, naitandaza mezani. Wakati wa mvua inakaa pale siku mbili, na sisi tunakula tumeshika sahani mikononi.