Kiti cha mbao cha mtumba: kukichagua na kukifufua

Katika soko la vitu vilivyotumika, kiti kinachoyumba huuzwa kama kuni, ilhali mara nyingi mbao zake ni nzima na kilichokufa ni gundi tu. Ndiyo raha ya masoko haya: anayejua kutazama hupata kitu cha kudumu.

Kabla ya kulipa, kipindue. Matundu madogo ya duara ni kazi ya bungua. Kigonge juu ya karatasi. Ukidondoka unga mpya, kiache, wadudu huenda bado wamo. Ufa kwenye kiungo mwachie fundi. Kiungo kinachocheza bila ufa ndicho cha kununua.

Andika namba kwenye kila kipande kabla ya kukifungua, maana miguu inafanana lakini haibadilishani nafasi. Gonga taratibu kwa nyundo ya mpira. Kiungo kikigoma, tafuta msumari uliofichika. Usipouona, dondoshea siki ya uvuguvugu usubiri, kwani gundi za zamani za wanyama hulainika.

Wengi huharibu hapa: humwaga gundi mpya juu ya kuukuu. Gundi ya mbao hushika kwa kupenya kwenye nyuzi. Ikikuta utando wa zamani haina pa kupenya, na kiti kitalegea tena. Kwangua mpaka mbao tupu, bila kupunguza unene wa ulimi, yaani ncha ya kipande inayoingia kwenye tundu la kiungo. Ulimi uliopwaya ubandikie ukanda mwembamba wa mbao. Misumari hapana: hupasua ulimi.

Paka gundi ndani ya tundu na kwenye ulimi, unganisha, kisha zungusha kamba miguuni na uisokote kwa kijiti hadi ikaze. Simamisha kiti mahali tambarare papo hapo, la sivyo kitakauka mguu mmoja ukiwa juu. Futa gundi iliyovuja kwa kitambaa chenye maji, kisha acha saa 24.

Piga msasa namba 80, 120, halafu 180, ukifuata nyuzi. Michubuko ya umri iache, ni uzuri wake. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi: usiipige msasa mkavu, vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Malizia kwa mafuta ya kitani, tabaka nyembamba, ukifuta yaliyobaki juu baada ya dakika 15. Vitambaa ulivyotumia vitandaze nje kimoja kimoja vikauke. Vikirundikwa hujipasha joto na huweza kuwaka vyenyewe.